Madoa ya Rangi kwenye Barabara ya Beni

Nilifuta kazi ya wiki nzima ya binti yangu kwa sababu niliiona chafu. Sikuifuta kwa hasira, wala kwa bahati mbaya kama mtu anayemwaga chai. Nilivuta kiti, nikavaa miwani, nikatumia alasiri nzima ya Ijumaa kuifuta vizuri, na nilipomaliza nikajisifu.

Ili ujinga huo ueleweke, lazima niseme kwanza kazi yangu. Mimi ni mwandishi, lakini si wa vitabu. Ninaandika herufi: vibao vya maduka, majina ya saluni, mishale ya kuonyesha choo kiko wapi, na yale maneno ya nyuma ya malori. Katika ukoo wetu hapa Butembo wanaume wote ni watu wa barabara. Baba alikuwa wa barabara, Mungu amrehemu, na kaka zangu ni wa barabara. Wanabeba maharage ya Kayna na viazi vya Alimbongo, wanapeleka sabuni na mafuta Manguredjipa, wanarudi na matope hadi kwenye nyusi. Mimi ndiye niliyewaandikia malori yao. Maneno yangu yamefika Manguredjipa mara nyingi kuliko mapadri, na mimi mwenyewe sijakanyaga huko. Lori likiondoka, mimi hubaki barazani na brashi zangu, redio, na termosi ya chai.

Hata mke wangu ni wa barabara. Wiki ile alikuwa Kayna kununua maharage, na kiwanja chetu kilionyesha wazi kwamba hayupo: majani ya mwavokado yalikuwa yamelala chini tangu Jumatatu, nami niliyapita kila siku kwa heshima bila kuyasumbua.

Jirani yetu ni mama mjane anayeuza makala, makaa ya kupikia, mbele ya ua wetu. Kutoka kwenye magunia yake anaona baraza langu lote, na kila asubuhi hunisalimu kwa swali lilelile.

"Baba, uko unalinda nyumba, ao nyumba iko inakulinda?"

"Tunalindana, mama," namjibu, na siku yangu inaanza.

Sasa nije kwenye kimashini kilichonifikisha kwenye ujinga ule. Kituo kimoja cha watoto kule Beni kiliazimisha shule kadhaa za Butembo roboti ndogo, kila shule moja, kwa wiki mbili. Shuleni kwa binti yangu walipiga kura, kura ikamwangukia yeye. Akaileta nyumbani ndani ya soksi ya sufu, kwa sababu aliona boksi lake halina joto la kutosha. Haikuwa kubwa kuliko yai la bata. Ilikuwa na magurudumu mawili, taa juu ya kichwa, na chini ya tumbo macho madogo kama vichwa vya pini. Ukiiweka juu ya karatasi yenye mstari mweusi, inaufuata mstari huo popote uendako, kama mbuzi anayefuata chumvi.

Masharti ya kituo yalikuwa mafupi. Kila mtoto achore njia yake kwenye karatasi kubwa, aiprogramu roboti, kisha Jumamosi ya mwisho aje Beni kuionyesha. Roboti ikitoka mwanzo wa njia hadi mwisho bila kuguswa na mkono wa mtu, mtoto anapata nafasi katika mafunzo ya likizo kubwa. Ikipotea njiani, asante, urudishe roboti, ukae nyumbani. Jaribio ni moja. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, na nilikuwa sijawahi kumwona anataka kitu namna ile. Hakukiomba wala hakukizungumzia sana. Aliacha tu kuimba wakati wa kuosha vyombo.

Kuiprogramu hakukuhitaji kompyuta. Kulihitaji kalamu za rangi. Juu ya mstari mweusi, mahali unapotaka roboti ifanye jambo, unaacha vidoa vitatu vya rangi vilivyofuatana, kila kimoja kipana kama ukucha wa kidole kidogo. Yale macho yanasoma rangi kwa mpangilio wake. Nyekundu, buluu, nyekundu: simama kidogo, kisha endelea. Mpangilio mwingine: punguza mwendo. Mwingine: zunguka kama unacheza. Ukikosea mpangilio, au doa likiwa kubwa kupita kiasi, haisomi chochote, inapita tu.

Mambo haya yote ninayajua leo. Binti yangu alinieleza mara tatu kabla ya ile Ijumaa. Najua ni mara tatu kwa sababu baadaye alinihesabia. Mimi nilikuwa nikihangaika na kibao cha duka la dawa ambacho herufi yake ya R ilikuwa imeinama kama mlevi, na kila alipofika kwenye rangi nilijibu, "Ndiyo, ndiyo, vizuri."

Kwa njia yake alichagua barabara ya kutoka Butembo kwenda Beni. Aliipitisha Maboya, akaikunja pale kwenye mlima wa Kabasha, akaweka kizuizi cha barabarani, akaimalizia Beni. Alhamisi aliijaribu sebuleni, na niliiona kwa macho yangu mawili. Ilitoka Butembo, ikatembea polepole kwenye tope la Maboya, ikapinda Kabasha kwa adabu, ikasimama kwenye kizuizi, ikaendelea, ikafika Beni, ikazunguka mara mbili. Mtoto akapiga makofi. Mimi niliiona inapunguza mwendo na kusimama, nikajisemea kwamba betri inakwisha.

Basi, Ijumaa. Nilitoka msikitini nimetulia, nyumba iko kimya, mtoto yuko shuleni, na karatasi imelala mezani.

Yeyote aliyesoma shule ya msingi kwetu atanielewa, hata kama hatanisamehe. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na pointi za hesabu, pointi za imla, na pointi za usafi. Za usafi ndizo zilizotufanya tulie. Kichwa cha somo bila mstari mwekundu chini yake, umekatwa. Mstari bila rula, umekatwa. Doa la wino, umekatwa na kidole kimepigwa. Nilitoka kwake nikiwa sijui kugawanya vizuri, lakini daftari langu lilikuwa la kuonyeshwa kwa inspekta. Usafi ule ndio umenilisha hadi leo. Mtu haniletei kibao kwa sababu najua hesabu.

Nikaitazama karatasi ya binti yangu kwa macho ya yule mwalimu. Barabara imechorwa vizuri, lakini imechafuka: hapa vidoa vitatu, pale vidoa vitatu, nyekundu na buluu na kijani vimeganda juu ya mstari mweusi kama nzi juu ya nyama. Nikamhurumia. Maskini mtoto, nikasema, alikuwa anajaribu kalamu akasahau kutumia karatasi nyingine. Kesho wageni wataliona hili. Watasema ni mtoto wa nani huyu?

Nikachukua wino wangu mweusi wa kazi, ule usiofutwa na jua wala mvua, nikafunika vidoa vyote, kimoja baada ya kingine, bila kutoka nje ya mstari hata unywele. Kisha nikaona majina ya miji yameandikwa kwa kalamu ya risasi, madogo, yameinama. Nikayaandika upya kwa herufi kubwa zenye kivuli: BUTEMBO, MABOYA, KABASHA, BENI. Na chini ya kila jina, kama nilivyofundishwa, mistari miwili myekundu kwa rula. Kwa kuwa majina yalikuwa kando ya barabara, mistari ile ilifika hadi kwenye barabara yenyewe na kuigusa. Niliona inapendeza hivyo. Ilishikilia kazi pamoja.

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia ndani ya bomba la plastiki, nikafunga kwa kamba. Mtoto aliporudi nikamwambia, "Nimeshafunga, usifungue, itakunjamana." Akanishukuru. Shukrani hiyo niliipokea bila haya.

Mama yake ndiye aliyepaswa kumpeleka Beni, lakini jioni hiyo alipiga simu: lori alilopanda limekwama kabla ya Alimbongo, hatafika. Mtoto akanitazama. Mimi nikalitazama baraza langu. Beni si mbali, kaka zangu huenda na kurudi siku moja, lakini mimi tangu harusi ya dada yetu sikuwa nimeiona, na dada yetu sasa ana wajukuu. Nilitafuta sababu. Nilisema mgongo. Nilisema kile kibao cha duka la dawa. Mtoto hakubishana. Alikwenda kuosha vyombo, bila kuimba. Nikasema basi, nitakwenda.

Asubuhi saa moja tulikuwa ndani ya kabini ya lori la kaka yangu mkubwa, mtoto katikati na soksi mapajani, mimi dirishani na bomba la karatasi kati ya magoti. Jirani wa makala aliniona nikipanda, akaweka kikapu chini ili aone vizuri.

"Ee, baba. Nyumba imekufukuza?"

"Niko naenda Beni, mama."

"Chunga usipotee," akasema. "Barabara ni moja tu, lakini weye ningali nakuogopea."

Kaka yangu alicheka hadi Maboya. Tope la Maboya lilimnyamazisha. Mimi nilitazama nje kama mgeni, na kwa kweli nilikuwa mgeni. Kila lori tulilopishana nalo niligeuka kusoma mgongo wake, na mara mbili nilikutana na herufi zangu. Jambo hilo lilinipa moyo kidogo, kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Baada ya kuteremka Kabasha tukafika kwenye kizuizi. Abiria wote hushuka, hupita kwa miguu, huonyesha kadi zao, na majina yao huandikwa kwenye daftari. Chini ya hema la buluu palikuwa na meza, daftari, na askari mmoja aliyetumwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Ilijulikana kwa Kiswahili chake, kilichokuwa na Kilingala katika kila kona. Alitazama kadi yangu, akanitazama mimi, kisha akalitazama bomba.

"Papa, ndani iko nini?"

"Ni karatasi, shefu. Kazi ya mutoto."

"Fungula."

Nikafungua. Alipoikunjua juu ya meza, uso wake ukabadilika, nami nikaelewa kwa mara ya kwanza nilichokibeba. Ilikuwa barabara ile tuliyosimama juu yake, imechorwa yote, na miji imeandikwa kwa herufi zinazosomeka hata kutoka ng'ambo ya bonde. Na pale katikati, kwa herufi ndogo za mtoto ambazo sikuzigusa, palikuwa na neno: kizuizi.

"Nani alikutuma kuchora barabara yetu?" akauliza. Aliuliza taratibu sana. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye mstari wakarudi nyuma hatua moja.

Nilitaka kusema kwamba mimi hata barabara siijui, kwamba muulizeni jirani. Binti yangu akatangulia.

"Shefu, haiko ya batu. Ni barabara ya haka." Akatoa roboti kwenye soksi. "Kanafuata mustari. Kanaenda Beni, banakaangalia, kanarudi. Na kanasimamaka pa barriere yako. Nilikafundisha."

Askari aliliinamia lile yai la plastiki.

"Kanasimama hapa kwangu?"

"Ndiyo, shefu. Kanangoja. Kisha kanapita."

"Onyesha."

Wakati ule mtoto alikuwa hajaitazama karatasi vizuri. Askari alikuwa ameegemea nusu yake kwa viwiko. Akawasha roboti, akaiweka Butembo. Kitaa kikawaka. Kimashini kikaondoka. Kwenye tope la Maboya hakikupunguza mwendo hata kidogo, kilikwenda kama mwizi. Hapo kikakutana na mistari yangu miwili myekundu, kikasita, kikaacha barabara. Kikaingia chini ya neno MABOYA, taa yake ikageuka nyekundu, kikatembea hadi mwisho wa A, kikageuka, kikarudi hadi M, kikageuka tena. Kilikuwa kinasahihisha imla. Mara ya tatu kikabahatika kurudi barabarani, kikapinda Kabasha kwa kasi, kikaelekea kwenye kizuizi, na mbele ya askari, meza, daftari na watu wote wa mstari, kikapita kizuizi bila kusimama.

Kaka yangu alikuwa amesimama karibu na lori, kofia mkononi.

"Kalipita," askari akasema.

Binti yangu alikuwa ameinama juu ya karatasi. Alipitisha kidole juu ya barabara, polepole, kutoka Butembo hadi Beni. Kisha akavitazama vidole vyangu, na pale kwenye ukucha wa kidole gumba ule wino wangu usiofutwa na jua wala mvua ulikuwa bado umekaa.

"Papa. Rangi zangu iko wapi?"

"Nilizisafisha," nikasema.

"Ulizisafisha."

"Niliona ni uchafu."

Hakulia. Angelia, ningejua la kufanya. Nina leso, nina maneno. Alisema tu kwa sauti ya mtu anayesoma orodha: "Nilikuambia Jumapili. Nilikuambia Jumanne, ukasema ndiyo. Nilikuambia Jumatano, ukasema vizuri." Kisha akasema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka shingo yangu inapata moto: "Ni saa mbili na nusu. Ni pa saa ine banaanza."

Askari alimtazama yeye, akanitazama mimi, na nafikiri hapo ndipo alipoamua kwamba mimi si hatari kwa nchi. Mtu hatari angekuwa na akili zaidi.

"Papa," akasema, "ni weye ulimuharibia?"

"Ndiyo, shefu."

"Na hizi herufi kubwa?"

"Ni mimi."

"Ziko bizuri," akasema. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kichupa cheupe chenye brashi ndogo kwenye kifuniko, ile dawa nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu. "Nilikuwa naiweka ju ya registre, hii daftari. Lakini miye hapana kosa sana. Fanyeni. Ile kintu itasimama hapa kwangu, ndiyo mutapita."

Nilikuwa sijawahi kupenda kizuizi. Siku ile ningeweza kukibusu.

Tukakaa kwenye benchi chini ya hema, karatasi mezani, na mtoto akashika uongozi kama mtu aliyezaliwa nao. Alitikisa kichupa, akakiinua kwenye mwanga. Dawa ilibaki kidogo chini kabisa.

"Hapana kufuta yote," akasema. "Haitatosha. Majina yako, papa, tutayaacha. Tukate tu pa nafasi mistari inagusa barabara. Ikikuta nyeupe haitapita. Na pa rangi zangu, uweke nyeupe yenye kutosha doa moja, moja, moja. Usizidishe."

"Wapi hasa?"

Alifumba macho. Alikuwa na njia nzima kichwani. "Hapa. Kidole kimoja mbele ya Maboya. Hapa mbele ya mteremko. Hapa kwa shefu. Na hapa Beni."

Akanipa brashi. Alisema mkono wake unatetemeka, na wangu hautetemeki. Ilikuwa kweli. Mkono wangu una mambo mengi mabaya lakini hautetemeki. Nikapaka nyeupe juu ya weusi wangu, mraba kwa mraba, wa kipimo cha ukucha. Kisha nikakata mistari yangu myekundu niliyoipiga kwa rula, mmoja baada ya mwingine, kila mahali ilipogusa barabara. Nikamkumbuka mwalimu wa darasa la tano. Angenikata pointi zote hadi za mwaka ujao. Askari alikuwa anaandika majina ya abiria kwa mkono mmoja na kutupepea karatasi kwa daftari la pili ili dawa ikauke.

Kaka yangu alikuja mara mbili kuuliza kama tunahamia pale. Mara ya tatu alikuja bila kuuliza, akashikilia pembe ya karatasi upepo usiichukue.

Dawa ilipokauka, mtoto akatoa kalamu zake na kupaka rangi juu ya nyeupe. Buluu ilikubali, kijani kikakubali. Nyekundu ilitoka hafifu, rangi ya ufizi. Akangoja, akapaka tena. Akapuliza. Akapaka mara ya tatu. Akaichukua roboti, akaiosha macho yake ya chini kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akaiweka Butembo.

Iliondoka. Mbele ya Maboya ikapunguza mwendo, ikatambaa kama lori lenye mzigo, na pale palipokuwa na mistari yangu ikapita bila kugeuza kichwa. Ikapinda Kabasha. Askari, aliyekuwa ameacha kuandika, akalaza kalamu yake ya biki juu ya karatasi, ikakata barabara pale penye kizuizi. Watu wa mstari walikuwa wametuzunguka, na mama mmoja mwenye kuku aliushika mdomo wa kuku wake.

Roboti ikafika kwenye rangi, na ikasimama hatua moja mbele ya biki.

"Moja," askari akahesabu. "Mbili. Tatu." Akainua biki kama mtu anayeinua mti wa kizuizi. Roboti ikaendelea hadi Beni, ikazunguka mara mbili.

"Likambo te," askari akasema, na hata sisi tusiojua Kilingala tulielewa kwamba hakuna tatizo. "Hako kana adabu kuliko bashofere. Mupite."

Tulirudi kwenye kabini. Mtoto alishika bomba mwenyewe. Hakunipa, nami sikuomba.

Tulifika Beni saa nne kasoro kidogo. Ukumbi wa kituo ulikuwa umejaa watoto na karatasi zao, na zilikuwa nzuri: mito, masoko, shamba la kakao lenye njia kama utumbo. Mimi nilikaa nyuma kabisa na mikono yangu chini ya mapaja, ambako haiwezi kuharibu kitu. Mtoto wa tatu, roboti yake iliacha njia ikaanguka kutoka mezani, na mwalimu wa kike aliyesimamia jaribio akasema kwa upole, "Asante, mwanangu," akaandika kitu. Nililisikia lile "asante" kwenye mifupa.

Zamu yetu ikafika. Mwalimu aliinamia karatasi, akagusa zile alama nyeupe.

"Na hii ni nini? Mbona umepakapaka?"

Binti yangu hakugeuka kunitazama. Namshukuru kwa hilo zaidi ya mambo mengi.

"Barabara iliharibikaka, madame," akasema. "Tukaitengeneza."

Mwalimu akacheka. Roboti ikaondoka. Maboya, polepole, sawa. Kabasha, sawa. Kwenye kizuizi ikasimama, na mimi nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Ikaendelea kusimama. Nne. Nikaiona ile nyekundu ya rangi ya ufizi, nikajiona mimi na wino wangu, nikaona likizo nzima ya mtoto anayeosha vyombo kimya. Tano, au labda ilikuwa bado tatu na mimi nilikuwa nahesabu mbio. Kisha kikainua mkia kisio nao, kikaenda, kikafika Beni. Kikazunguka mara mbili kwa furaha ambayo najua si yake lakini sitaki kuambiwa.

Jina la binti yangu liliandikwa kwenye orodha ya mafunzo. Nililiona likiandikwa, kwa kalamu ya kawaida, bila mstari wowote chini yake, na lilikuwa zuri kabisa.

Roboti tuliirudisha. Soksi mtoto aliiacha nayo, kwa sababu ya baridi. Kwenye lori la kurudi alilala begani kwangu, mdomo wazi, mzito kama gunia, na nilikaa bila kusogea hadi mkono ukafa ganzi. Kwenye kizuizi askari alitutambua kabla hatujashuka. Aliinua nyusi kuuliza. Nikainua kidole gumba, kile chenye wino. Akainua biki yake.

Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kupumua. Nilitazama Kabasha ikipanda mbele yetu, mashamba, moshi wa majiko, malori yenye maneno yangu yakishuka, na nikawaza kwamba barabara si mbaya sana kwa mtu aliyeketi. Sikumwambia kaka yangu. Angenifanya niende Manguredjipa.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado liko juu ya mabati. Mtoto aliamka, akaingia ndani, akaanza kukusanya vyombo vya asubuhi, na kutoka jikoni nikasikia wimbo, si mzuri, sauti imetoka nje ya njia kabisa. Nikakaa kwenye kiti changu cha baraza. Nikamimina chai ya jana.

Kaka yangu, ambaye siri kwake hukaa muda wa kuzima injini, alikuwa ameshasimama kwenye magunia ya makala, akisimulia kwa mikono yote miwili: madoa, rula, kizuizi, kichupa. Jirani alisikiliza hadi mwisho bila kucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaja hadi kwenye ua, akatazama majani ya mwavokado, kisha akanitazama mimi.

"Baba," akasema, "kama ni usafi ndio unapenda, ufagio ile pale, kiwanja ile pale, karatasi ya mutoto uiache."